Uliza Anko wa Kamera: Korosho zimeisha, mvua inanyesha, hela ya picha itatoka wapi?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni kijana napiga picha hapa Mtwara mjini, nina frem yangu ndogo Chikongola, kamera Canon 700D, lenzi mbili, printa ya Epson L805 na kompyuta. Kuanzia Oktoba hadi Januari huwa sipumziki, harusi Tandahimba, watoto wanatolewa ngoma Newala, kipaimara Masasi, wikiendi zimejaa mpaka kazi nyingine nampa mwenzangu. Februari ikiingia kimya. Mvua kila siku, Ramadhani ikiangukia humo ndo kabisa, nakaa frem mpaka jioni napata mtu mmoja wa pasipoti saizi au nakosa. Mwenye frem anataka kodi yake ya miezi sita. Yutyubu nawaona wapiga picha wa Marekani na Uingereza wanasema na wao winta harusi hakuna, wanafanya vipindi vifupi vya kupiga picha familia na kuuza albamu, ila sijui kama huku kwetu hiyo inawezekana. Washkaji wananambia niuze kamera ninunue pikipiki. Nishauri anko.
*Kijana wa Chikongola, Mtwara*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kamera usiuze. Hela ipo hata masika, ila haiko pale ulipozoea kuichukua.

Angalia kwanza hela inavyotembea huku kwetu. Korosho minada yake inaanza Oktoba, wakulima wengi wanashika hela Novemba, Desemba mpaka Januari, ndo maana sherehe zote zinarundikana hapo. Januari hiyohiyo ada na sare za shule zinakomba kilichobaki. Februari mpaka Mei watu wako shamba wanapalilia, na miaka hii Ramadhani na Kwaresima zote zinaangukia humo (2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka inasogea nyuma siku kumi, kumi na moja hivi), kwahiyo msikitini hakuna ndoa na kanisani hakuna ndoa. Mwezi wa sita ufuta unauzwa, hela kidogo inarudi, mbaazi zinafuata, alafu korosho tena. Hao wenzetu wa Ulaya na Marekani kinachowakalisha Januari mpaka Machi ni baridi na jua kuzama mapema, mteja wake mshahara anapata kila mwezi, hana tu pa kupigia picha. Wa kwako uwanja anao, laki tatu ya sherehe ndo hana. Ila elfu tatu anayo, na elfu kumi kwa kitu anachokiona cha lazima au kinachomgusa moyoni ataitafuta. Hapo ndo pa kufanyia kazi.

Sasa fungua hadi diski (hard disk) yako ya kazi. Hapo ndani una harusi za msimu mzima, watoto waliotoka ngoma, kipaimara, na nina hakika wengi wa hao watu picha zao wamepewa kwenye flashi au zilitumwa wasapu, simu ikapotea picha zikaenda nazo. Picha ya kushika mkononi hawana. Kaa chini chagua familia moja moja, picha moja tu iliyo bora kuliko zote, ile ambayo bibi anacheka au mama mzazi anafuta machozi, iediti vizuri, printi A4 kwenye karatasi ya glosi, itie kwenye fremu ya kawaida ya sokoni alafu mpelekee mwenyewe nyumbani kwake aione. Usimtumie wasapu kwanza maana akiiona kwenye simu ameshaipata. Mpelekee. Mwambie bei yako na mwambie anaweza kulipa kwa mafungu mawili. Asipoitaka ondoka kwa amani na mwachie namba, kesho kutwa atakupigia mume akirudi. Kuna kitu kinatokea mtu akiisimamisha picha ukutani kwake akarudi nyuma hatua mbili akaiangalia, hapo hata wewe usiongee, subiri tu. Na angalizo moja, picha alizozilipia kwenye harusi zote mkabidhi kama mlivyokubaliana, usije ukamfichia nzuri ili umuuzie baadae, hiyo si haki na mjini hapa habari zinafika haraka.

Kuna nyingine naipenda kuliko zote nayo ni kufufua picha za zamani. Nenda nyumba yoyote ya wazee, Mikindani au Magomeni hapo mjini, uliza kama kuna picha ya babu. Italetwa ndani ya Kurani au ndani ya Biblia au chini ya vitenge sandukuni, imekunjwa katikati, imeng'atwa na mende, kona moja haipo, rangi imeshakuwa ya chai. Wewe una kompyuta. Iskani kwa ubora wa juu, na kama huna skana iweke mezani karibu na dirisha, kamera iangalie chini wima kabisa, ISO ya chini, piga. Alafu ndani ya fotoshopu safisha mikwaruzo taratibu, uso usiuguse sana, wazee wanaujua uso wa ndugu yao na ukimlainisha sana watakwambia huyu siye. Printi, laminesheni au fremu. Kazi hii haijali mvua, unaifanya usiku, umeme ukikatika unaendelea kesho, na mteja wako hapo siyo mmoja, picha ya babu mmoja inatakiwa na watoto wake na wajukuu waliopo Dar, Lindi mpaka Pemba ya Msumbiji, kila mmoja nakala yake. Na wazee walio hai wapigwe sasa hivi. Inauma sana mzee akifariki familia inahangaika kutafuta picha mwishowe wanakuza ile ya kitambulisho, uso umechoka, hauonekani vizuri. Wewe ukipita mtaa kwa mtaa unawapiga wazee barazani kwao, wamevaa kanzu au kitenge kizuri, bei ndogo, unafanya jambo la maana kabisa na frem inalipwa.

Ya tatu ni picha za bidhaa. Hapa vijana wengi wa Mtwara wanapapita tu. Akina mama wanaobangua korosho, wenye asali, chumvi, dagaa, wachonga vinyago wa kimakonde, wote hao wanauza kwenye simu na picha wanazotumia ni za giza na taa ya tyubu. Masika ndo wengi wao wanapanga lebo na vifungashio wakisubiri biashara ya mbele. Nenda ofisi ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, ukaulize nani wanahudhuria mafunzo ya usindikaji, hao ndo wateja wako. Na huhitaji studio. Saa nne asubuhi, siku ya mawingu ni nzuri zaidi maana mwanga unakuja laini, weka meza pembeni ya dirisha, zima taa zote. Karatasi ya manila nyeupe ibandike ukutani iteremke mpaka mezani bila kukunjwa, iwe kama inateleza, hapo nyuma hakutakuwa na mstari. Pakiti ya korosho ifute kwa kitambaa kikavu, iweke, na upande ule usio na dirisha simamisha manila nyingine nyeupe irudishe mwanga. Nailoni ikimeta izungushe kidogo kidogo mpaka ule mng'ao utoke kwenye maandishi. Mwaga korosho chache mbele, nzima na zilizopasuka mbili tatu, chagua nyeupe zisizo na madoa. Kamera kwenye stendi, lenzi ifunge mpaka f/8 ili pakiti yote iwe kali. Piga ya mbele, ya nyuma yenye viambato, na moja mkono wa mtu umeishika ili mteja ajue ukubwa. Mpe picha tano zilizokamilika kwa bei anayoiweza, alafu mwambie akiongeza bidhaa mpya akuite. Mama mmoja akianza kupata oda kutoka Dar kwa picha zako wenzake wote wa kikundi watakutafuta.

Mambo ya shule na vitambulisho unayajua nayapita haraka. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, kwahiyo mahafali yao yanaangukia humohumo kwenye ukame wako, Ndanda, Masasi Girls, Mahiwa na shule nyingine, andika barua kwa wakuu wa shule mapema, Novemba siyo Machi. Vitambulisho vya wanafunzi printa yako ya L805 inaweza kuprinti kadi za plastiki ukiwa na trei yake. Ila ukishika picha na majina ya watoto ujue kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwahiyo ruhusa ya shule na wazazi iwe kwa maandishi na usiwaposti kwenye stetasi yako kutafuta wateja. Pasipoti saizi nayo usikae frem kuisubiri, beba kitambaa cha bluu na cheupe nenda kwenye magulio ya vijijini siku ambayo mvua imetulia. Masika ikiisha tu watu wanaanza kuhangaika na fomu za kujiunga kidato cha tano na maombi ya mikopo ya chuo, picha zinatakiwa.

Na hivyo vipindi vifupi ulivyoviona yutyubu, huku vinawezekana siku moja kubwa, Idi. Watoto wote wa Mtwara wana nguo mpya, wamepakwa wanja, wanateremka ufukweni Shangani. Chagua sehemu moja yenye kivuli, tangaza wiki nzima kabla, bei moja, dakika kumi, picha tatu, moja inaprintiwa. Familia ziweke oda kwa muda ili wasipange foleni juani. Idi mosi watu wanatembeleana, Idi pili ndo wanatoka zaidi, jiandae zote mbili. Ukipata wazo la kwenda Msimbati kumbuka kule ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, kuna kiingilio na taratibu zao, waulize kwanza usije ukampeleka mteja akarudishwa getini.

Mwisho kuhusu kodi. Msimu ukirudi, kila kazi ya Novemba toa fungu la frem kabla hujanunua lenzi mpya, na nunua karatasi na wino wa kukutosha mpaka Juni. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ilikatika pale Somanga, aliyekuwa anategemea mzigo wa basi alikaa bila wino. Na kama mko vijana kadhaa wa picha ungeni kikundi mkaulize halmashauri ile mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, vijana fungu lao ni asilimia nne na haina riba. Mkopo ununue kifaa, kodi usiilipe kwa mkopo.

SWALI: Shikamoo anko, mimi ni dada napiga picha Lindi mjini karibu na bahari. Lenzi yangu ya 50mm nimeona ndani kuna kitu kama nyuzi za buibui, nikifuta haitoki. Nimeambiwa ni fangasi. Itapona? Na kamera nyingine naizuiaje isipate, maana kazi hakuna zimekaa tu kabatini.
*Dada wa Lindi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Ndiyo, ni fangasi, na kukaa kabatini bila kazi ndo kumeileta. Fangasi anataka unyevu, giza na hewa isiyotembea, na Lindi masika vyote vitatu vipo. Hiyo lenzi itenge na nyingine leo, ipeleke kwa fundi anayefungua lenzi na umuulize bei kabla, maana kwa 50mm ya kawaida wakati mwingine gharama ya kusafisha inakaribia bei ya lenzi yenyewe. Akiwahiwa mapema anatoka, akikaa anakula ile rangi ya juu ya kioo na hapo alama haifutiki.

Zilizobaki zitoe kwenye begi, begi la ngozi na la kitambaa linashika unyevu. Nunua ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana kabisa, weka silika jeli za kutosha, zile punje za kubadilika rangi ndo nzuri maana zinakuonyesha zikishajaa maji, unazikausha kwenye sufuria kavu moto mdogo unazirudisha. Vipakiti vya kwenye boksi la viatu vinajaa haraka sana, usivitegemee. Mchele usiweke, una vumbi. Na kila wiki toa kamera, piga picha hata za ng'ambo ya Kitunda, zungusha lenzi zipate hewa na mwanga. Ukiwa umetoka chumba chenye eisii usifungue begi hapohapo nje, subiri vifaa vipate joto la nje kwanza, la sivyo kioo kinatoa jasho na maji yanaingia ndani.

SWALI: Anko habari. Niko Masasi. Tatizo langu watu wa vijijini wananipa kazi masika, ngoma au msiba au harusi ya haraka, wanasema tutakulipa korosho zikiuzwa. Nikikataa nakosa kazi, nikikubali napata hela Desemba au sipati kabisa. Wengine wanasema AMCOS, chama chao cha msingi cha ushirika, haijawalipa. Wanadanganya?
*Mwenye studio, Masasi*

JIBU: Salama ndugu yangu. Wapo wanaokwepa lakini wengi hawadanganyi. Korosho ya mkulima inapita mfumo wa stakabadhi ghalani, inakaa ghalani, inasubiri mnada, alafu hela inapita chama cha msingi ndo imfikie, kwahiyo tarehe anayokutajia Juni yeye mwenyewe haijui. Usijenge kodi yako juu ya tarehe hiyo.

Fanya hivi. Gharama zako halisi, yaani nauli, chakula, betri, karatasi, zilipwe kabla hujatoka Masasi. Hiyo haina mjadala hata kwa ndugu, na waeleze kwa upole kwamba bila hiyo hufiki. Jasho lako ndo likae mkopo kama umeamua, na liandikwe, jina, kijiji, kiasi, shahidi mmoja anayeheshimika pale kijijini, mwenyekiti wa kitongoji au mzee wa familia. Picha chache za kwanza wape, albamu kamili isubiri malipo. Na weka idadi, wateja wa mkopo wasizidi wale ambao hata wasipolipa wewe na watoto mtakula.

Msiba usiudai hivyo. Wanaokuita kupiga picha za maziko wape bei ya gharama tu na wape muda. Na kwenye ngoma za jando na unyago piga siku ya kutoka, wakati wali, yaani watoto waliochezwa, wameshavikwa na ukoo mzima umekusanyika. Mambo ya ndani ya likumbi, ile kambi ya jando, si ya kamera, hata mzazi mwenyewe akikuomba, muulize kwanza ngariba na wazee.

SWALI: Anko mimi sina kamera, nina simu tu, nipo Kilwa Masoko. Nimesikia kuna mitandao ya nje unaweka picha wazungu wananunua. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia, si nitauza sana?
*Mwanafunzi, Kilwa*

JIBU: Karibu mwanangu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981, na kwasababu hiyohiyo picha za ule msikiti mkuu zimeshajaa kote huko. Mitandao ile inalipa kidogo kidogo kwa kila picha na inataka wingi na uvumilivu, na kabla hujaweka hata moja uliza hela utaipokeaje Tanzania, usije ukafanya kazi miezi ikabaki kwenye skrini. Picha zikiwa na mtu anayetambulika wanataka sahihi yake ya ruhusa. Na ukitaka kupiga magofu kwa biashara pita ofisi ya wahifadhi pale Kilwa Masoko uulize kibali.

Mimi ningekuwa na simu na nipo Kilwa ningeanza na majirani. Gesti na migahawa ya pale pwani, mwenye boti anayevusha wageni kisiwani, mama anayechoma pweza, wengi wao wageni wanawapata kupitia mitandaoni na hawana picha hata moja nzuri ya chumba wala ya sahani. Futa kioo cha simu yako vizuri, fungua madirisha ya chumba asubuhi, tandika kitanda mwenyewe mpaka shuka isiwe na mkunjo, simama konani simu iwe usawa wa kifua, wima isiinamie, piga. Mfanyie mmoja bure kwa makubaliano kwamba atakutambulisha kwa wenzake wawili, na hao wawili walipe. Msimu wa kiangazi kuanzia Juni wageni wanaongezeka, kwahiyo picha zao wanazihitaji Aprili na Mei.